Mume wa Kisasa Kuliko Wote

Jumatatu, 2 Juni

Mke wangu amerudi kazini na habari. Hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni na helmeti yake kichwani, akatangaza: msimamizi wa makreni pale saiti ya ujenzi anastaafu, na jina lake yeye limependekezwa. Usaili Ijumaa. Akipita, atawasimamia waendesha kreni wote. Na wote ni wanaume, isipokuwa yeye.

Nikasema hongera. Niliisema vizuri, kwa meno yote. Moyoni lakini kuna kitu kilikaa upande, kama kiti chenye mguu mfupi.

Si wivu! Mimi ni kinyozi, nina saluni yangu, nina kioo kikubwa, nina heshima. Tatizo ni wateja. Kumbe walijua tangu mchana. Mmoja, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, aliniuliza kama ruhusa ya kwenda kutazama mpira nitakuwa naomba kwa mdomo au kwa maandishi. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, bila kujua nacheka nini. Sasa najua.

Na kuna jirani. Fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mtaa mzima wanamwita Bwana Mfano, kwa sababu kila mke akigombana na mumewe humwambia: mtazame mwenzio, huo ndio mfano. Anashona huku mtoto kamfunga mgongoni. Anafagia uwanja. Anafagia na anaimba! Mkewe anachomelea vyuma palepale saiti. Wanawake wakipita barabarani wanamsalimia yeye kwanza. Mimi nafuata, wakikumbuka.

Na Jumamosi saiti wana siku ya familia. Msimamizi mpya atatangazwa hapo. Tena kutakuwa na shindano la waume kupika. Mshindi atapata jiko la gesi, na picha yake itatundikwa ukutani ofisini, chini yake maandishi makubwa: MUME WA KISASA.

Picha ya Bwana Mfano? Niwe napita chini yake kila nikimfuata mke wangu? Thubutu!

Nimeamua. Dunia ikibadilika, mwenye akili anaitangulia. Kuanzia kesho mimi ni mume wa kisasa kuliko wote. La muhimu ni kuonekana. Kazi yenyewe itajipanga.

Baba angesikia haya angeanguka. Baba yangu hakushika mwiko maisha yake yote. Dereva wa lori, sauti kama honi, kiti chake hakikaliwi na mtu. Kila anayekaa kwangu kunyolewa namwambia: mwanaume niliyemwona kwa macho yangu ni mmoja tu, baba. Bahati nzuri anaishi mbali.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza: kufua.

Kufua kunachosha. Kuanika hakuchoshi, na kuanika ndiko kunakoonekana. Kwa hiyo nilifungua kabati, nikatoa nguo safi, nikazichovya kwenye beseni, nikazianika kamba nzima mbele ya nyumba, saa ile wanawake wanarudi sokoni. Nilikunja mikono ya shati. Nilijifuta jasho mara kwa mara. Jasho halikuwepo, nilijipaka maji.

Mafanikio makubwa! Muuza mboga alisimama akaweka kapu chini. Akasema hajapata kuona. Mwenzake akasema saa nyingine mtu humdhania mwenzake vibaya bure. Bwana Mfano alitoa kichwa dirishani, pini mdomoni. Nikampungia. Nikaona kabisa kwamba ameumia.

Halafu fulana yangu nyekundu ikaanza kutoa rangi.

Sikujua inatoa rangi. Ningejuaje? Sijawahi kuifua. Ilikuwa imelala beseni moja na shati jeupe la mke wangu, lile la usaili. Shati sasa ni la waridi. Si vibaya ukilitazama kwa mbali. Mgongoni lina wingu.

Alirudi, akaliona, akanitazama. Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Aliuliza kwa utulivu kabisa: nguo alizozifua Jumapili zilikuwa na dhambi gani hata zikabatizwa upya?

Binti yetu alikuwa hapohapo. Tunamwita Kasuku, maana hakisemwi kitu nyumbani kikakosa kufika mtaani. Kabla jua halijazama, muuza mboga alikuwa ameshaambiwa kuhusu kabati.

Jumatano, 4 Juni

Nimejikaza kisabuni. Mpango wa pili: nywele.

Nilifikiri usiku kucha na sioni nilipokosea. Mimi ni mtu wa nywele! Nimeshika vichwa vya mtaa mzima. Kusuka kichwa cha mtoto wa darasa la pili ni kitu gani? Nikamwambia mke wangu aende zake kazini, leo Kasuku namsuka mimi, tena barazani, watu waone.

Mistari minne tu. Wa kwanza ulianza vizuri pale usoni, ukakata kona sikioni. Wa pili ukaufuata wa kwanza. Wa tatu sijui ulikwenda wapi. Kasuku aliuliza kama ninasuka au ninatafuta kitu. Nilimwambia atulie. Mkono wangu, bila mimi kuuambia, ukaenda kwenye mashine ya kunyolea, na ni Mungu tu aliyeushika.

Akaenda shule na kilemba. Mwalimu wake akamfungua, akafunga tena haraka, akamuuliza kwa upole kama ameanguka.

Jioni Bwana Mfano alimwita Kasuku kwenye ngazi yake. Mtoto wake mgongoni, sindano kifuani, wimbo mdomoni. Alifumua kazi yangu yote na kusuka upya, mistari imenyooka kama ya daftari. Wanawake wanne wamesimama wanatazama. Wanne! Hakunicheka. Alisema mkono wa kinyozi una haraka, nywele za mtoto zinataka mtu asiye na pa kwenda. Akasema nikitaka atanifundisha, nije siku yoyote.

Anifundishe yeye? Afadhali niote manyoya.

Kasuku alirudi anang'aa. Akauliza, bila ubaya wowote, kama Bwana Mfano anaweza kuwa baba yake siku za nywele tu. Mama yake alikimbilia ndani. Nilidhani analia. Alikuwa ameziba mdomo kwa mto, mabega yanamtingishika.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeona kosa langu. Nilikuwa najaribu kufanya mwenyewe!

Mpango wa tatu hauna dosari. Nimekwenda kwa mama mwenye mkahawa pale njia panda. Nimemweleza: Jumamosi apike sufuria moja ya wali na nyingine ya mchuzi wa kuku, anifikishie kwenye uzio wa nyuma wa saiti, pale penye tundu. Mimi nitakuwa nakoroga sufuria ya maji mbele ya watu, na kabla waamuzi hawajafika nabadilisha. Yeye malipo yake ni wanawe wote kunyolewa bure hadi waoe. Alicheka mpaka akashika meza. Lakini alikubali.

Aproni nimenunua. Ina maua. Nilijitazama kwenye kioo cha saluni na nikajipenda.

Furaha haikudumu. Simu ililia, mama. Akasema wanakuja kesho, yeye na baba. Nikauliza kuna msiba? Akasema kuna sherehe: mkamwana wao amewaalika siku ya familia, na baba yangu ameshapiga pasi suruali.

Baba! Jumamosi! Mimi na aproni ya maua!

Nikamuuliza mke wangu kwa nini hakunishauri. Akasema alidhani nitafurahi kuwaona wazazi wangu. Ningejibu nini?

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya usaili. Mke wangu aliondoka asubuhi na shati la waridi. Alikuwa hajala. Aliikunja ile mikono ya shati, akaifungua, akaikunja tena. Miaka yote namwona anapanda ngazi za kreni kama mtu anayekwenda dukani, na leo kifungo kimoja kinamshinda. Nilitaka kumwambia neno zuri. Nikamwambia rangi imemkaa. Akatabasamu. Akasema basi angalau kitu kimoja kimekaa.

Wazazi walifika kwenye saa nne. Baba alikalia kiti changu, akakijaza. Akauliza habari za kazi, habari za afya, na kwa nini mlango unalia na mwenye nyumba yupo.

Sasa hesabu iliyonikabili: nje mtaa unanitaka mume wa kisasa, ndani baba ananitaka mwanaume. Suluhisho nililipata papo hapo. Nikitoka mlangoni, navaa aproni. Nikiingia, naivua na kuiingiza ndani ya shati. Nje nashika ufagio, ndani nashika gazeti. Ilikwenda vizuri sana mwanzoni. Mama akauliza kwa nini natoka na kuingia kama nyuki mzingani. Nikasema napunga hewa. Akauliza na hicho kitambi nimekipata lini, maana asubuhi hakikuwepo.

Kasuku akasema: “Bibi, si kitambi. Ni aproni. Ina maua. Babu, baba anaivaa akitoka nje ili wamama wamwone.”

Baba alinitazama. Nikangoja radi. Lakini alikohoa tu, akageuza uso dirishani, akaanza kujikuna sikio, kama mtu aliyekamatwa yeye. Sikuelewa. Nilidhani ni hasira zinatafuta pa kutokea.

Mke wangu akarudi mchana. Wote tukasimama, hata baba. Akasema hajui. Walikuwa watu watatu mezani. Mmoja alimuuliza atawaamrishaje wanaume waliomzidi umri. Aliwajibu kwamba kreni haimwulizi mtu ni mwanaume au mwanamke, inamwuliza mzigo una uzito gani na upepo unatoka wapi. Anayejua majibu atasikilizwa, na asiyejua ashuke kabla hajaua mtu. Kisha wakamshukuru, wakasema atasikia kesho. Akikosa, wataleta mtu kutoka kampuni nyingine.

Akakaa kitini akaanza kuvua viatu, akasahau kumaliza. Baba yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu isipokuwa injini, akasema: “Mwanangu, jibu kama hilo ningelipata mimi barabarani, ningekuwa na meno yangu yote.”

Mke wangu akacheka. Mimi sikuwahi kuambiwa neno kama hilo. Lakini mambo ya kesho ni makubwa, sina nafasi ya kununa.

Jumamosi, 7 Juni

Ee shajara. Nianzie wapi?

Uwanja wa saiti ulifagiliwa, maturubai yakafungwa, makreni yamesimama juu yetu yametulia kama twiga. Familia tele. Waume sita tukapangwa mstari mmoja, kila mtu na meza yake na jiko lake. Bwana Mfano jirani yangu hata hapa. Mtoto mgongoni!

Mpishi mkuu wa kantini, ndiye mwamuzi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kikosi. Akatoa tangazo. Kila mtu atapewa kuku, mchele, nyanya na vitunguu. Kila mtu atapika mwanzo mpaka mwisho palepale. Na yeye mwenyewe atatembea katikati yetu, hataondoka.

Nikatazama uzio wa nyuma. Mama wa mkahawa alikuwa amefika, sufuria mbili, ananikonyeza kupitia tundu. Nikamfanyia ishara kwa kope: ngoja. Akadhani nasema: mpe mlinzi. Akampa mlinzi. Mlinzi akafunua, akanusa, akawaita wenzake. Nilitazama kwa macho haya wali wangu ukiondoka, tonge kwa tonge, na siwezi kusema neno. Walinawa kabisa.

Basi. Nikabaki na kuku mbichi na aproni.

Nilifanya ambacho angefanya mtu yeyote mwenye akili: nilitia vyote pamoja. Kuku, mchele, nyanya nzima, kitunguu na maganda yake. Maji nikayasahau. Moto nikauongeza, ili niwahi. Kwanza ilitoka harufu. Kisha ulitoka moshi. Kisha watu wa viti vya nyuma wakaanza kusimama ili waone vizuri. Bwana Mfano akaniambia kwa sauti ya chini, maji, jirani, tia maji. Nikamwambia najua. Sikutia, kwa sababu yeye ndiye aliyesema.

Mtu mmoja akauliza kama wawaite zimamoto. Kicheko kikapita uwanjani. Mke wangu alikuwa mbele, na wale wanaume anaotaka kuwasimamia wamekaa nyuma yake safu nzima. Hapo tu, kwa mara ya kwanza wiki hii, nikawaza: huyu leo anangoja kuitwa jina lake, na mimi namtilia moshi.

Halafu nikamwona baba amesimama.

Anakuja. Anakuja moja kwa moja, kama lori lisilo na breki. Nikajua leo nachapwa mbele ya umma, na ndevu zangu hizi. Akafika. Akavua koti, akampa mtu wa karibu. Akanawa mikono. Akanisukuma pembeni kwa nyonga, sijawahi kuona baba akitumia nyonga! Akafunua sufuria, akafunika.

“Nani kakufundisha kuua kuku mara mbili?” akaniuliza.

Akaomba kuku mwingine, akapewa. Akakata kitunguu bila kukitazama. Vidole vile vya usukani vinacheza kisuni kama vya mpiga kinanda! Kitunguu kikaanza kuimba kwenye mafuta, na baba naye akaanza kuimba, wimbo wa zamani wa barabarani, nusu yake haifai mbele ya watoto. Uwanja ukatulia. Kisha ukaanza kupiga makofi kwa mdundo.

Mama alikuwa amefika pembeni yangu. Nikamwambia, mama, baba anapika! Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe anayeshangaa maziwa.

Akaniambia kwamba mchuzi wote niliomsifia yeye utotoni, ule wa siku baba akirudi safari, aliupika baba. Tulikuwa tunatolewa nje kucheza, pazia linashushwa, mlango unafungwa kwa ndani. Ndiyo maana! Nilidhani wana mazungumzo. Mama akasema yeye alikuwa akikaa kitandani, miguu juu, akila embe, na sifa zote zikimjia yeye. Hakuona sababu ya kubishana nazo.

Nilimwuliza baba kwa nini. Hakuacha kukoroga. Akasema barabarani madereva wote walipika, na hakuna aliyecheka, maana barabarani kupika ni njaa. Nyumbani ikawa ni aibu. Nani alisema hivyo hakumbuki, lakini wote walimwamini. Akaonja, akaongeza chumvi. Akasema sasa ni mzee, na wale aliokuwa akiwaonea haya wengine wamekufa, waliobaki hawaoni vizuri.

Mwamuzi akaonja. Akafumba macho. Akasema huyu hakuandikishwa, shindano ni la waume. Mama akapaaza sauti kutoka pale nilipo, sikio langu bado linalia: “Na huyo ni nani? Si mume wangu?”

Baba wa kwanza! Bwana Mfano wa pili. Mimi nilipewa cheti cha kushiriki, na mtoto wa Bwana Mfano alinicheka akiwa mgongoni.

Kisha mhandisi mkuu akapanda jukwaani na karatasi. Mke wangu akanishika mkono. Nikasahau cheti, nikasahau picha ya ukutani, nikawa naomba tu kimoyomoyo, mwite, mwite, mwite.

Akamwita.

Sijui nilipiga kelele gani. Naambiwa niliruka juu ya meza. Naambiwa ilivunjika. Alipanda jukwaani na shati la waridi, wingu mgongoni, na wale wanaume wa nyuma wakasimama. Mmoja mwenye mvi, mwendesha kreni mkongwe kuliko wote, alivua helmeti akaiinua juu, na wengine wakafuata, helmeti za njano hewani kama alizeti. Alisema maneno machache. Kwamba Jumatatu anaanza kukagua kamba zote, hata za marafiki zake. Wakapiga makofi zaidi.

Nililia. Ni ule moshi.

Jumapili, 8 Juni

Sauti imenikauka, naongea kama bata.

Nyumba leo ni ya ajabu. Baba yuko jikoni tangu asubuhi, kwenye jiko lake jipya la gesi, amekataza mtu kuingia. Mlango uko wazi, pazia halikushushwa. Mama amelala kwenye kiti changu, redio kifuani. Mke wangu ametandaza michoro ya saiti mezani, penseli sikioni, anapiga mluzi. Kasuku anamwambia kila apitaye njia kwamba babu yake ni Mume wa Kisasa na picha yake itatundikwa kesho.

Nimekaa barazani nikawatazama wote. Kifua kikanijaa. Nikajiambia: mwanaume, wiki hii umejifunza mambo makubwa. Baba yangu alijificha maisha mazima, kwa nini? Kwa sababu wanaume hawakuwa na mtu wa kuwaongoza! Hapakuwa na kiongozi!

Kwa hiyo nimeanzisha Chama cha Wanaume wa Kisasa. Mwenyekiti nimejichagua mimi, baada ya kufikiri sana. Baba ni mlezi. Bwana Mfano naweza kumpa unaibu, akiomba vizuri. Mkutano wa kwanza Jumamosi ijayo, hapa nyumbani. Ajenda: kugawana kazi za nyumbani kwa usawa. Hotuba nimeshaiandika, ina kurasa nyingi na inagusa moyo.

Wajumbe watakuwa wengi na hawawezi kukaa na njaa. Nimemwendea mke wangu, nikamweleza kwamba kwa kuwa sasa ni msimamizi na kupanga mambo ndiyo kazi yake, chai, viti na chakula cha mchana namwachia yeye.

Ameweka penseli chini. Amenitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Nadhani ni furaha.

Bado sijamwambia kwamba wanawake hawataruhusiwa kuingia mkutanoni. Nitamwambia akishaosha vikombe.